Yai kuanguliwa si mwisho wa hatari

Wengi hudhani kwamba kiota cha ndege adimu kikilindwa hadi mayai yaanguliwe, kazi imekwisha. Kwa plova wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini (Charadrius melodus), ndege mdogo anayetaga mchangani ufukweni, sivyo kabisa. Marekani ilipowaweka kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka mwaka 1986, zilibaki jozi 17 hivi tu.

Kizimba cha waya juu ya kiota huyalinda mayai, kwa kawaida manne, dhidi ya mbweha na kunguru. Lakini kifaranga cha plova hakikai kiotani kusubiri kulishwa kama kinda la njiwa. Saa chache baada ya kuanguliwa kinatoka, kina uzito wa gramu 6 hivi, na kinajitafutia wadudu ukingoni mwa maji. Wazazi hukipa joto na kukionya tu. Mama mara nyingi huondoka mapema, akamwachia baba malezi. Zinabaki wiki 3 au 4 kabla hakijaweza kuruka, na hapo kizimba hakisaidii kitu. Shakwe anakinyakua. Mbwa aliyefunguliwa mnyororo, hata asiyeuma, anakifukuza mbali na chakula na joto la mzazi.