Sindano ya antibiotiki haiui minyoo ya ndama

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu ya wafugaji: ndama akiharisha na tumbo likivimba, mdunge oksitetrasaiklini (aina ya antibiotiki), minyoo wote watatoka. Si kweli. Antibiotiki hupambana na bakteria. Minyoo wana dawa zao, kama albendazoli au levamisoli, zinazopimwa kwa uzito wa ndama. Soma kibandiko cha chupa utaona. Bora zaidi, peleka kinyesi kibichi maabara. Mayai ya minyoo huonekana kwa hadubini.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu wapo ndama wanaopona baada ya sindano, kumbe waliharishwa na bakteria, au wangepona wenyewe. Mwenye minyoo hubaki vilevile: manyoya yamesimama, ufizi umepauka, na bakteria mwilini wanazoea dawa. Tafadhali, ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze.