Mgonjwa wa akili kijijini Dodoma: aanzie wapi, nani analipa, na dawa hukwama wapi

Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Dodoma mjini na inapokea wagonjwa tangu mwaka 1927. Lakini mtu wa Chipanga wilayani Bahi au wa Kibakwe huko Mpwapwa hafaidiki sana na ujirani huo, maana anachohitaji kila mwezi si kitanda cha Mirembe. Ni kopo la vidonge kwenye zahanati ya kwao. Majibu haya yameandikwa kwa ajili yake na wanaomuuguza.

Kijana wetu ana miaka 20. Tangu wakati wa mavuno hapati usingizi, anaongea peke yake, anasema majirani wanamfuatilia kupitia redio. Tumpeleke Mirembe moja kwa moja?

Kama ameshika panga, anataka kujidhuru au hashikiki, msisubiri kukuche. Nendeni hospitali iliyo karibu, na mwombeni mtendaji wa kijiji au polisi wawasaidie kumfikisha. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu wa hali hiyo hata kama mwenyewe hajakubali.

Kama hakuna hatari ya namna hiyo, anzieni zahanati. Najua wengi huona ni kupotezewa muda. Lakini mtu aliyebadilika ghafla anaweza kuwa na malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari iliyoshuka. Anaweza pia kuwa mnywaji wa miaka mingi aliyekatisha pombe juzi. Hayo yanaua kwa siku chache, na kipimo cha malaria kipo hapohapo. Mwelezeni mhudumu kama kuna homa, shingo kukaza, kuanguka, au kama kuchanganyikiwa kunakuja na kuondoka.

Hali ya kijana wenu imejengeka kwa miezi, na umri wake ndio ule ambao sizofrenia, ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, hupenda kuanzia, mwishoni mwa ujana hadi miaka ya ishirini na kitu. Akishapimwa na mengine kuondolewa, ombeni barua ya rufaa kwenda kituo cha afya au hospitali ya wilaya. Mirembe ije baadaye, ikibidi.

Zahanati yetu ina muuguzi na tabibu tu. Watajua nini kuhusu akili?

Wanaweza kujua cha kutosha wakifundishwa. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuwafundisha wahudumu wasio mabingwa kutambua na kutibu sonona, saikosisi (hali ya kupoteza uhalisia, kama ya kijana huyu), kifafa na matatizo ya pombe, kwa kufuata hatua zilizoandikwa. Hautoi mabingwa, na haujifanyi unawatoa. Unampa tabibu uwezo wa kuanza dawa chache za kawaida, kumfuatilia mgonjwa na kujua wakati wa kumpeleka mbele.

Kwa maoni yangu kinachopungua zaidi ni usimamizi baada ya semina. Tabibu aliyefundishwa siku tano, kisha asitembelewe na mratibu wa afya ya akili wa wilaya, baada ya muda huacha kutibu na kubaki kuandika rufaa tu.

Nani analipa?

Zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya za serikali zinaendeshwa na halmashauri chini ya TAMISEMI. Hospitali ya rufaa ya mkoa na Mirembe ziko chini ya Wizara ya Afya. Magonjwa sugu ya akili yamo katika utaratibu wa msamaha wa malipo, na anayeshughulikia msamaha huo ni afisa ustawi wa jamii. Muulizeni mapema, kabla bili haijaandikwa. Wenye kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani ya Mfuko wa Afya ya Jamii, wasiruke ngazi bila barua ya rufaa, watajikuta wakilipa mfukoni. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inabadilisha mpangilio huu, kwa hiyo ulizeni zahanati kabla ya kukata kadi upya.

Ipo gharama moja ambayo hakuna mfuko unaoilipa: nauli. Bodaboda hadi barabarani, kisha basi, mara mbili kwa kuwa mgonjwa hasafiri peke yake, na siku nzima ya palizi imepotea. Familia nyingi hazishindwi na matibabu. Zinashindwa na safari ya mara ya nne.

Mgonjwa wetu alilazwa, akarudi mzima kabisa, akalima hadi alizeti. Baada ya miezi mitano yakaanza upya. Dawa zilikuwa feki?

Yumkini hazikuwa feki, ila ziliachwa. Dawa za saikosisi huzuia ugonjwa usirudi. Mtu anapojisikia mzima ndipo zinapofanya kazi yake. Akiziacha anaweza kukaa wiki au miezi akiwa sawa, na hapo familia huamini kuwa amepona. Ugonjwa ukirudi, hakuna anayekumbuka siku dawa zilipoisha.

Baada ya tukio la kwanza, kwa kawaida dawa huendelea walau mwaka mmoja tangu hali itulie, na wengine huhitaji muda mrefu zaidi. Kupunguza dozi ni kazi ya aliyeziandika. Kwa anayesahau vidonge, au anayevificha chini ya ulimi, ipo sindano ya flufenazini, inayochomwa kila baada ya wiki mbili hadi nne. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kuichoma. Kwa kijiji kilicho mbali naiona ni msaada mkubwa kuliko vidonge, mradi mgonjwa ameelezwa na amekubali.

Siku ya kuruhusiwa msiondoke wodini bila karatasi yenye jina la ugonjwa, majina ya dawa, dozi na tarehe ya kurudi. Ipelekeni zahanati wiki hiyohiyo, hata kama dawa bado zimejaa mfukoni.

Tumeenda zahanati, tumeambiwa dawa za akili hazipo. Tununue duka la dawa kila mwezi?

Kwa mwezi huu huenda hakuna jinsi. Ila elewa kwa nini hazipo, maana sababu yenyewe inaweza kurekebishwa pale kijijini.

Zahanati huagiza dawa Bohari ya Dawa, yaani MSD, kwa kuangalia ilichotumia. Mgonjwa asiyeandikwa kwenye rejesta za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za kituo, hahesabiwi. Mnapompitisha kijana wenu moja kwa moja hadi Mirembe, na kununua dukani, zahanati inaonyesha kuwa haina mgonjwa hata mmoja wa akili. Haiagizi. Mgonjwa wa pili anakuja, anakosa, naye anaondoka. Mganga mfawidhi halazimiki kuwa mzembe ili hali hii iendelee miaka kumi.

Kwa hiyo andikisheni mgonjwa hapo hata kama leo mnaondoka mikono mitupu. Kisha ulizeni maswali mawili: je, dawa hii inaruhusiwa ngazi ya zahanati au ni ya kituo cha afya, na je, MSD wakiikosa itanunuliwa kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa? Mfumo wa mshitiri, unaoitwa Jazia, ulianzia mkoa huu wa Dodoma mwaka 2014 kabla ya kusambaa nchini, na kazi yake ni kujaza pale MSD walipopungukiwa. Fedha siku hizi huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi wa kituo ina wajumbe kutoka kijijini. Mjumbe wenu ni nani? Amewahi kuuliza ni kiasi gani kilienda kwenye dawa za akili na kifafa? Wagonjwa watano walioandikwa ni hoja nzito kikaoni kuliko malalamiko ya mtu mmoja dirishani.

Dawa zimemkakamaza, shingo imepinda, mate yanatoka. Tuziache?

Msiziache, mrudisheni haraka. Hayo ni madhara yanayojulikana ya dawa kama haloperidoli, na yapo matibabu yake, ama kwa kuongeza kidonge cha kuyazuia au kupunguza dozi. Jambo jingine linalosahaulika kwa jua letu la Dodoma: klopromazini huifanya ngozi iungue kirahisi. Anayechunga au kulima avae kofia na mikono mirefu, na anywe maji mara kwa mara.

Wazee wanasema amerogwa. Mchungaji anasema ni mapepo.

Sitawagombanisha na wazee wala kanisa. Ombeni, na dawa ziendelee; moja halizuii jingine. Ninachokataa ni kumfunga kamba au minyororo, kumchapa, na kumfungia bila maji. Na mganga wa kienyeji akimpa mitishamba ya kunywa, tabibu aambiwe bila aibu, kwa sababu baadhi hugongana na dawa.

Kifafa nacho ni cha kliniki hiyohiyo?

Kwenye vituo vyetu vingi, ndiyo. Hakiambukizi, wala povu lake haliambukizi. Fenobabitali isikatishwe ghafla hata siku chache, degedege zinaweza kufuatana bila kukoma.

Baba hali vizuri, ameacha kwenda shambani, na juzi alisema bora asingekuwepo. Tunaogopa kumuuliza.

Muulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, mara nyingi humpa nafasi ya kupumua. Leo hiihii toeni nyumbani dawa za kuua wadudu wa mazao, mziweke kwa jirani chini ya kufuli, na asibaki peke yake. Kisha mpelekeni kituoni. Kanuni ya Adhabu bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na familia nyingi huficha kwa sababu hiyo. Polisi msiwaambie mkitaka, ila mhudumu wa afya msimfiche. Sonona hutibika, ingawa vidonge huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kusaidia, na wiki hizo ndizo za kumkalia karibu.

Na mama aliyejifungua, analia kila siku na hamtaki mtoto?

Asisubiri arobaini ziishe. Aelezwe muuguzi siku ya chanjo ya mtoto, kwenye kliniki ileile. Kama anasikia sauti au anasema mtoto si wake, ni dharura ya siku hiyohiyo, na mtoto ashikwe na mtu mwingine hadi mfike hospitali.