Kuuzwa si Kufukuzwa: Jibu Langu Kuhusu Mchezaji wa Timu Nane

Jumamosi iliyopita, katika shughuli ya posa hapa Columbus, Ohio, mzee mmoja ninayemheshimu sana aliniinamia sikioni na kuniuliza, kwa sauti ya mtu anayetoa pole, "Mwanangu, huyo Rajai Davis unayemtaja kila siku ana kasoro gani hadi timu nane zikamkataa?" Davis ni mchezaji wa besiboli wa Marekani aliyekwisha kustaafu. Nilimjibu mzee kwa adabu, kwa kuwa sahani ya pilau ilikuwa mkononi na wakwe watarajiwa walikuwa wakitutazama. Hata hivyo, swali hilo nimekwisha kuulizwa na shemeji zangu, na wateja wa kinyozi, na hata na mzazi wa kijana ambaye makaratasi yake ninayashughulikia mimi mwenyewe katika ofisi ya wakala wa wachezaji. Leo ninalijibu kwa maandishi, ili safari ijayo nimtumie mtu ukurasa huu kisha niendelee kula.

Kosa linaanzia kwenye soka, ambayo ndiyo iliyotulea. Katika soka klabu mbili hupatana ada, kisha mchezaji hukaa mezani na kukubali au kukataa masharti yake binafsi, na ndiyo maana anayehama kila msimu hutiliwa shaka kwamba ama hatulii ama hatakiwi. Katika besiboli ya Ligi Kuu ya Marekani kinachohama ni mkataba wenyewe, pamoja na mshahara wake na miaka iliyobaki, na mchezaji huufuata kama mkia unavyomfuata ng'ombe. Hupigiwa simu, akaambiwa kesho aripoti mji gani. Ukiondoa wale wachache wenye kipengele maalumu katika mikataba yao, haki ya kukataa humpata mchezaji aliyetimiza miaka 10 katika Ligi Kuu, mitano ya mwisho ikiwa katika timu ileile. Davis alicheza Ligi Kuu kuanzia 2006 hadi 2019, na hakuna mahali alipokaa zaidi ya misimu mitatu mfululizo. Sheria inayomlinda mtu asihamishwe ovyo inamtaka kwanza awe hajahamishwa; anayeweza kunieleza hekima yake namkaribisha.

Sasa niingie kwenye weiva, maana hapa ndipo hasira yangu inapokaa. Kila timu ina orodha ya watu 40, na ndani yake wale 26 wanaovaa jezi leo. Mchezaji aliyeingia katika orodha ya 40 huwa na miaka mitatu ya opsheni, yaani misimu mitatu ambayo timu inaweza kumshusha ligi ndogo na kumpandisha tena bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Miaka hiyo ikiisha, hawezi kushushwa tena hadi apitishwe kwenye weiva, ambako timu nyingine zote, kuanzia iliyo dhaifu zaidi, hupewa nafasi ya kumchukua. Timu inayohitaji nafasi katika orodha ya 40 inaweza pia kumweka mchezaji pembeni na kupewa siku saba za kuamua: imbadilishe na timu nyingine, imwachie aende zake, au ijaribu kumpitisha kwenye weiva. Gazeti litaandika kwamba ametemwa. Siku tatu baadaye timu nyingine inamdai, na gazeti lilelile linaandika kwamba sasa yuko timu ya tano, kana kwamba ni hatia ya tano katika faili la polisi. Lakini tazama kilichotokea: timu fulani imempa huyu nafasi katika orodha yake ya 40, na ikiwa imejaa, imemwondoa mtu wake mwenyewe ili impokee. Aliyekataliwa kwa kweli ni yule anayepita weiva na hakuna mkono hata mmoja unaoinuka, na huyo hamumjui jina, wala hamtamuuliza mtu habari zake katika posa.

Davis mwenyewe alichaguliwa na Pittsburgh mwaka 2001 katika raundi ya 38 ya zoezi la timu kugawana vijana wapya, mahali ambapo timu huandika majina zaidi kwa matumaini kuliko kwa imani. Julai 2007 Pittsburgh walimpeleka San Francisco ili wampate Matt Morris, mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, wakaubeba na mshahara mkubwa wa Morris, na mashabiki wao hawajawasamehe hadi leo. Aprili 2008 San Francisco wakamweka kwenye weiva, na Oakland, ng'ambo tu ya ghuba, wakamdai. Mwaka uliofuata alipiga wastani wa .305, yaani alifanikiwa takribani mara tatu katika kila kumi, na kuiba besi 41, yaani kukimbilia kituo kinachofuata bila kusubiri mpira upigwe; na 2010 akaiba 50. Kisha zikafuata Toronto, Detroit, Cleveland, Oakland tena, Boston, Cleveland tena, na New York Mets. Mwaka 2016, akielekea kutimiza miaka 36, aliongoza ligi ya American kwa kuiba besi 43. Alistaafu na besi 415. Na kama idadi ya timu ni kasoro, basi Rickey Henderson, aliyeiba besi 1,406 na kuingia katika Jumba la Mashujaa, alichezea timu tisa, Oakland peke yake wakimchukua mara nne. Huyo hakuna mzee aliyewahi kuniuliza kasoro yake.

Mlinzi wa nje wa aina ya Davis huhama kwa sababu kazi yake ni ya msimu na ya mahitaji. Anapiga kwa mkono wa kulia, kwa hiyo huuona vizuri zaidi mpira wa mrushaji wa mkono wa kushoto. Anaweza kusimama katika nafasi zote tatu za nje. Na katika inningi ya nane, kati ya vipindi tisa vya mchezo, anaweza kuingia kukimbia badala ya mzito aliyefika besi ya kwanza. Mwezi Juni timu moja inao watu watatu wa namna hiyo, na nyingine haina hata mmoja kwa sababu wake ameumia nyonga. Biashara inaanzia hapo.

Nikiri jambo ambalo ofisini hatulisemi mbele ya wateja. Takwimu za ulinzi tunazozipeleka mezani wakati wa kudai mshahara huhitaji takribani misimu mitatu kabla ya kuaminika, na mchezaji wa kuhamahama hubadilisha uwanja, na pengine nafasi, kabla misimu hiyo haijatimia. Tunajadiliana kwa nguvu juu ya namba ambazo sisi na wao tunajua zinayumba. Jambo jingine ni hizo opsheni. Kwa miaka mingi niliwaambia vijana washangilie zinapoisha, kwa kuwa hakuna tena kupandishwa na kushushwa kama ndoo ya kisimani. Siku hizi sina uhakika huo. Mwenye opsheni anahifadhiwa kwa sababu ni rahisi kumtumia; asiyekuwa nazo ndiye wa kwanza kuwekwa pembeni nafasi inapohitajika. Nina kijana mmoja aliyesherehekea mwisho wa opsheni zake kwa kupanga nyumba kwa mwaka mzima. Nilipofika kumsaidia kufungasha, godoro lilikuwa bado kwenye nailoni. Magongo aliyaacha yatumwe baadaye, lakini glovu aliivaa mkononi hadi uwanja wa ndege, kwa sababu glovu iliyokwisha kulainika haikabidhiwi mtu wa mizigo.

Kuhusu fedha nitapita haraka. Kima cha chini cha Ligi Kuu mwaka 2025 kilikuwa dola 760,000 na hulipwa kwa siku. Siku 172 zinahesabiwa kuwa mwaka wa utumishi, na siku 43 zinatosha kumpa mtu haki ya pensheni. Kwa hiyo anayebebwa na timu nane kwa vipande vipande anaweza kukusanya zaidi ya nyota wa chuo aliyebaki ligi ndogo na jezi moja.

Wanaomkumbuka Davis wanakumbuka usiku mmoja wa Novemba 2016 huko Cleveland: mchezo wa saba wa fainali, inningi ya nane, wenyeji wako nyuma kwa mbio, yaani pointi, 6-4, na Aroldis Chapman, mrushaji wa mkono wa kushoto mwenye mpira wa kasi ya kutisha, yuko kwenye kilima cha kurushia. Davis alilishika gongo juu kabisa ya mpini, kama mtu aliyeazimwa shoka refu, akaupiga mpira wa chini ukavuka ukuta wa kushoto wenye urefu wa futi 19. Ikawa 6-6. Cleveland walifungwa 8-7 katika inningi ya kumi, na ile mbio yao ya saba iliingia kwa pigo lake pia.

Mimi hukumbuka zaidi Mei 2019. Alikuwa ligi ndogo na Syracuse, timu iliyo chini ya Mets, wakiwa ugenini Pennsylvania, Mets walipompigia simu. Alipanda gari la kukodi zaidi ya saa mbili hadi New York na kufika mchezo ukiwa umeanza. Katika inningi ya nane aliitwa apige badala ya mwingine, akapiga homurani, yaani pigo la kuvusha mpira ukuta wa nje, ya mbio tatu. Wiki chache baadaye Mets haohao walimrudisha Syracuse, wakamwita tena, na Septemba akapiga pigo lililoingiza mbio zote tatu za ushindi dhidi ya Los Angeles. Alikuwa anakaribia miaka 39, na begi lake, nadhani, lilikuwa tayari mlangoni.