DC ipi?

Mpwa wangu alinipigia simu juzi akishangilia. Jina lake limetoka kwenye orodha ya ajira za ualimu, kituo: Arusha DC. "Mjomba, nimepangiwa kwa Mkuu wa Wilaya!" Nikampongeza, kisha nikashusha pumzi. Ni mtu wa tatu mwaka huu kuniambia hivyo.

Kifupisho ni herufi za mwanzo za maneno fulani, basi. Maneno yakiwa mengine, herufi hubaki zile zile. Fundi sola akikuuzia taa ya DC anasema umeme uendao upande mmoja, ule wa waya mwekundu na mweusi wa betri. Kwa mtu wa Kinshasa, DC ya DCMP ni Daring Club, timu ya Motema Pembe ya tangu 1936. Hawa wawili hawagongani, maana hakuna anayechomeka taa kwenye timu ya mpira.

Tabu iko serikalini kwetu Tanzania, ambako herufi hizo zina maana mbili chini ya paa moja. DC mtu ni mkuu wa wilaya, cheo tulichorithi kwa Mwingereza. C yake ni ya kamishna. Wazee wa Tanganyika walimwita Bwana Shauri. DC inayofuata jina la mahali ni halmashauri ya wilaya, na C yake ni ya "council", yaani baraza, wanakoketi madiwani. Ndugu zake kwenye orodha ni TC ya mji, MC ya manispaa (siyo yule wa kushika maiki harusini) na CC ya jiji.

Mipaka nayo hailingani. Wilaya ya Songea ina mkuu wa wilaya mmoja, lakini ndani yake mna Songea MC, Songea DC na Madaba DC. Mkuu wa Wilaya ya Madaba hayupo. Arusha ndiyo kiboko: Arusha DC haimo katika Wilaya ya Arusha! Imo Arumeru, pamoja na Meru DC. Ukiulizia "DC wa Arusha" utaelekezwa kwa mkuu wa wilaya ya mjini, ambaye shule yako wala haiko kwake.

Mpwa wangu alisikiliza yote hayo, akauliza: sasa barua naripoti nayo wapi?

Nikamjibu: kwa mkurugenzi mtendaji wa halmashauri, mjomba, yule wanayemwita DED. DC utamwona Mwenge wa Uhuru ukipita.