Gitaa la akustiki linaposhika stesheni ya redio

Amplifaya inapoanza kusoma taarifa ya habari katikati ya wimbo, wengi hukimbilia kuibadilisha. Mara nyingi haina kosa. Redio inahitaji vitu viwili tu ili isikike: waya wa kuinasa na kitu cha kuigeuza kuwa sauti. Waya ni kebo ya gitaa. Kigeuzi ni transista ya kwanza kwenye priampu, yaani sehemu inayokuza sauti kabla ya amplifaya kuu: mawimbi ya redio yakiizidi nguvu, huyakata upande mmoja kama dayodi, na kinachobaki ni sauti ya mtangazaji. Ikishapita hapo imechanganyika na gitaa, na hakuna kitufe cha toni kitakachoitoa. Kwa hiyo kazi yote ni kuizuia kabla haijafika kwenye transista hiyo.

Kwanza sikiliza ni kelele gani. Maneno na muziki ni kituo cha utangazaji. Maneno mafupi yanayokatikakatika huenda ni redio koli ya walinzi. Ile tititi-tititi ni simu ya 2G, ambayo hurusha mawimbi kwa vipande, takriban 217 kila sekunde, na sikio linasikia mdundo wa vipande hivyo. Mkwaruzo usiokatika, unaobadilika ukigeuza gitaa, kwa kawaida unatoka kwenye chaja, taa za LED au dima (swichi ya kupunguza mwanga). Kuutafuta chukua redio ndogo ya betri, iweke AM mahali pasipo na stesheni, kisha zunguka nayo chumbani: ukikaribia chaja mbovu itakwaruza kwa nguvu. Mvumo mzito wa hezi 50 ni tatizo jingine lenye tiba yake; usiuchanganye na hili.

Sasa tafuta mlango wa kuingilia. Chomoa kila kitu, acha amplifaya peke yake. Usidanganyike na ukimya wa tundu tupu, kwa sababu matundu mengi hujifunga yenyewe yakiwa hayana jeki. Tengeneza jeki ya majaribio: unganisha ncha na mwili wake kwa kipande cha waya, ichomeke, pandisha volyumu. Redio ikisikika bado, na kupunguza volyumu hakuipunguzi, basi inaingia baada ya volyumu, kupitia waya wa umeme au waya za spika. Ikinyamaza, rudisha kifaa kimoja kimoja: kebo, pedali, na gitaa liwe la mwisho.

Kebo ndiyo naishuku kuliko kitu kingine chochote. Watu huipima kwa mita, wakaona chini ya omu moja, wakaipitisha. Lakini uzi mmoja wa wavu, yaani nyuzi za shaba zinazozunguka waya wa ndani kama kinga, ukibaki umeshika, mita bado itasoma vizuri, huku kinga yenyewe imekwisha. Fungua jeki uangalie kwa macho. Wavu mzima unatakiwa kusokotwa pamoja na kuchomewa kwa risasi kwenye mwili wa jeki, risasi iwe inang'aa na imetambaa. Ukikuta nyuzi tatu zimeshika na nyingine zimekatika pale waya unapokunjwa, umempata mchawi. Kata sentimita tatu, menya upya, choma upya.

Upande wa gitaa, pikapu ya piezo, yaani kihisi kinachogeuza mtetemo kuwa umeme, iliyo chini ya daraja ni dhaifu kwa asili yake. Umeme wake unafanana na kapasita ndogo. Ikiwa ni ya nanofaradi 1, kwenye hezi 100 ukinzani wake unakaribia megaomu 1.6. Chanzo cha namna hiyo hakiwezi kupambana na kelele inayoingia njiani, hivyo waya wake lazima uwe na kinga mpaka mwisho, hata ule mfupi ulio ndani ya kasha. Gusa mwili wa jeki kwa kidole: kelele ikibadilika sana, kagua kiungo cha kinga hapo kwenye tundu. Kugusa nyuzi si kipimo, maana kwenye akustiki nyingi hazijaungwa na ethi.

Kinga ikiwa nzima na redio bado ipo, weka kichujio kwenye tundu la kuingilia la priampu: rezista ya kiloomu 10 kwenye njia ya sauti, kisha kapasita ya seramiki ya pikofaradi 100 kutoka upande wa transista kwenda ethi. Hukata kuanzia karibu kilohezi 159, mbali juu ya sauti ya gitaa. Pikapu ya nanofaradi 1 itapoteza chini ya desibeli moja. Miguu ya kapasita iwe milimita chache tu. Kwenye masafa ya simu, mguu wa sentimita mbili ni koili tayari, na kapasita inakuwa pambo.

Feraiti za kubana kwenye kebo, yaani vipande vya sumaku-kauri vinavyozuia mawimbi ya redio, husaidia kwa FM na simu, zikiwekwa karibu kabisa na tundu. Kwa AM, kuipitisha kebo mara moja ni kazi bure. Tafuta pete kubwa ya feraiti ya mchanganyiko namba 31 (aina ya malighafi yake), uizungushe kebo mara 10 au zaidi, kwani ukinzani hupanda takriban kwa mraba wa idadi ya mizunguko.

Kelele ikija tu unapochomeka XLR (kebo ya pini tatu) kwenda miksa, angalia pini namba 1. Vifaa vingi huipeleka kwenye bodi ya saketi badala ya kwenye bati la kasha, hivyo redio iliyonaswa na kinga inaingizwa moja kwa moja ndani. Mhandisi wa sauti Neil Muncy alilieleza kosa hili mwaka 1995, na bado linauzwa madukani. Unga pini hiyo na bati kwa waya mfupi kadiri inavyowezekana. Swichi ya kukata ethi kwenye boksi la DI, lile linalounganisha gitaa na miksa, unaweza kuijaribu. Pini ya ethi ya plagi ya umeme usiikate kamwe, kwani nyuzi zilizo mkononi mwako na maikrofoni iliyo mdomoni zinaweza kukuua.

Ukimaliza, jaribu palepale, kwa volyumu ileile, na simu ya 2G ikiita nusu mita kutoka kwenye gitaa.