Protini Isiyotulia

Mwanafunzi mpya akijiunga na kundi letu la utafiti hapa chuoni, tunakochunguza protini kwa NMR (mwitikio wa viini vya atomi ndani ya sumaku), simpeleki kwanza kwenye sumaku. Namkalisha mbele ya ramani ya madoa inayotokana na vipimo vyake. Karibu kila doa ni asidi amino moja, yaani kiungo kimoja cha mnyororo wa protini tunayoichunguza. Prolini ndiyo haionekani, kwa kuwa doa hutoka kwa nitrojeni iliyoshika hidrojeni, na nitrojeni yake haina hidrojeni ndani ya mnyororo. Doa likihama, ujue jambo limetokea papo hapo au jirani: dawa imenasa, au umbo limejikunja. Nimefanya kazi hii miaka mingi na bado inanifurahisha kuona molekuli ikituonyesha yenyewe ilipoguswa.

Kiini cha hidrojeni, yaani protoni, ni sumaku ndogo mno. Ukikiweka ndani ya sumaku kubwa huyumba mithili ya pia inayozunguka, na kasi ya kuyumba hufuata nguvu ya sumaku hiyo. Kwenye nguvu ya sumaku ya tesla 14.1 huyumba mara milioni 600 kwa sekunde, ndiyo maana mashine yenyewe tunaiita "mia sita" tu. Tunavipiga viini kwa mawimbi ya redio, tunanyamaza, kisha tunasikiliza. Elektroni zilizo karibu hukikinga kila kiini kwa kadiri yake, hivyo kila kimoja hujibu kwa sauti inayotofautiana na ya jirani kwa sehemu chache katika milioni.

Shida ni kwamba sauti hiyo ni hafifu. Katika joto la chumba, protoni zinazoelekea upande wa sumaku huwazidi wapinzani wao kwa takriban 5 katika kila 100,000. Hizo chache ndizo tunazozisikia. Nyingine zote hufutana. Kwa hiyo tunahitaji sumaku yenye nguvu, ambayo koili zake hukaa ndani ya heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na subira ya saa nyingi, pengine siku kadhaa.

Kaboni na nitrojeni ni kazi nyingine. Kaboni-13, isotopu (aina ya atomi yenye uzito tofauti) inayosikika, ni asilimia 1.1 tu ya kaboni ya asili, na nitrojeni-15 haifiki hata asilimia moja. Basi tunawalisha bakteria wa E. coli glukosi na chumvi ya amonia zilizojaa isotopu hizo, nao wanatujengea protini inayosikika kila mahali.

Felix Bloch na Edward Purcell waligundua mwitikio huu mwaka 1946, na Kurt Wüthrich alipata Nobel mwaka 2002 kwa kuonyesha jinsi ya kupata umbo la protini ikiwa ndani ya maji. Lakini kwangu mimi, utamu wa NMR uko kwa protini zisizo na umbo maalumu. Alfa-sinukleini, inayohusishwa na ugonjwa wa Parkinson, ina asidi amino 140 na ikiwa peke yake majini haitulii kabisa. Haiwezi kugandishwa kuwa fuwele ili ichunguzwe kwa eksirei ikiwa katika hali hiyo. Kwenye NMR inaonekana vizuri, madoa yake yakiwa yamesongamana katikati ya ramani.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kunijia amevunjika moyo: madoa mengi yametoweka, akadhani protini imeharibika. Nikamwuliza alipima kwenye nyuzi ngapi. Alikuwa ameweka 37. Kwenye joto hilo, hidrojeni za mnyororo ulio wazi hubadilishana na zile za maji kwa kasi mno, na doa hupotea. Tukashusha joto hadi nyuzi 10, madoa yakarudi.

Kisha tukaongeza vifuko vidogo vya mafuta vinavyoiga utando wa seli. Madoa ya takriban asidi amino 100 za mwanzo yakafifia, kwa sababu sehemu hiyo ilishika kifuko, na kitu kikubwa kinachopinduka polepole majini hutoa doa pana lisiloonekana. Madoa ya mkiani yalibaki yanang'aa vilevile: mkia ulikuwa bado unacheza majini.