Pasi ya Woga: Blue Lock kwa Macho ya Kocha wa Washambuliaji

Zimebaki dakika chache fainali ya mkoa wa Saitama iishe. Timu ya Isagi Yoichi iko nyuma kwa goli moja, mpira anao yeye, ameshaingia ndani ya kumi na nane na amebaki na kipa. Pembeni yake anakimbia Tada, mwenzake, hana mtu. Isagi anamwachia. Tada anapiga, mpira unagonga mwamba na kurudi uwanjani, wapinzani wanauokota, wanakwenda nao moja kwa moja hadi lango la pili na Kira Ryosuke anafunga. Mbili bila, filimbi inalia. Jioni ile Isagi anarudi nyumbani akilia njiani, na swali lake ni moja tu: ningepiga mwenyewe, ingekuwaje?

Ndivyo Blue Lock inavyoanza. Kazi yangu ni kufundisha washambuliaji wa umri wa chini ya miaka 17, na vijana wangu ndio walionionyesha katuni hii. Walikuwa wanne, wamekunjamana juu ya simu moja kabla ya mazoezi, nami nikasimama nyuma yao nikaiona ile pasi. Niliijua papo hapo. Naiona kila wiki uwanjani kwangu.

Wazazi wawili watatu wameshaniuliza kama katuni hii haiwafundishi watoto uchoyo. Nimeitazama misimu yote miwili, na nataka kueleza kwa nini nadhani hofu yao imekosea mahali, halafu niseme ni wapi katuni yenyewe imekosea. Nitataja matukio, kwa hiyo ambaye hajaitazama ajue.

Manga yake, yaani kitabu cha hadithi ya michoro, imeandikwa na Muneyuki Kaneshiro na kuchorwa na Yusuke Nomura, ikaanza kutoka Agosti 2018 katika jarida la Weekly Shonen Magazine. Anime, yaani katuni yenyewe ya video, ya studio ya Eight Bit ilianza Oktoba 2022. Ndani ya hadithi, wakubwa wa soka la Japani wanamkabidhi mtu mmoja wa ajabu, Ego Jinpachi, vijana 300, wote washambuliaji. Anawafungia katika jengo moja. Atakayebaki mwisho atakuwa straika bora duniani. Atakayeshindwa njiani hataruhusiwa tena kuvaa jezi ya taifa, maisha yake yote.

Tazama ile tarehe, Agosti 2018. Mwezi mmoja tu nyuma, tarehe 2 Julai, Japani halisi ilikuwa Rostov, Urusi, ikicheza na Ubelgiji kwenye hatua ya 16 ya Kombe la Dunia. Inaongoza 2-0 kwa magoli ya Haraguchi na Inui. Ubelgiji wakasawazisha. Dakika za nyongeza Japani wakapata kona, akaipiga Honda, kipa wa Ubelgiji Courtois akaidaka na kumrushia De Bruyne. De Bruyne akapasua katikati, akampa Meunier kulia, Meunier akaingiza krosi ya chini. Lukaku alikuwa pale, mbele ya goli. Akauacha mpira upite. Nyuma yake akatokea Chadli, 3-2, na hapakuwa na muda wa kurudi.

Katika hadithi, somo analolitoa Ego ni kwamba Japani ina nidhamu, ina umoja, ina pasi nzuri, ila haina mtu wa kufunga. Sawa. Lakini irudie picha ya Rostov utaona jambo ambalo halisemi. Goli lililowatoa Wajapani lilitokana na namba 9 kuuacha mpira. Ukiwa jukwaani, alichofanya Lukaku na alichofanya Isagi ni kitu kimoja, kwamba mshambuliaji amemwachia mwenzake. Kwangu mimi ni mbingu na ardhi. Lukaku alijua Chadli yuko wapi na alijua mabeki wanamtazama yeye. Isagi alikuwa na goli mguuni, akampa Tada ili akikosa mtu, awe Tada.

Mazoezini nikiiona pasi ya namna hii nasimamisha mchezo na kumwita mtoto pembeni. Juzi ilikuwa zamu ya kijana wa miaka 15, mwepesi, mguu wake wa kushoto ni wa kuotea ndoto.

"Mbona umetoa?"

"Kocha, nilimwona mwenzangu."

"Beki wake alikuwa amesimama upande gani?"

Kimya.

"Kipa alikuwa ametoka au yuko kwenye mstari?"

Akatazama viatu vyake. Baadaye sana, akasema kwa sauti ndogo, "Nikikosa wananitukana, kocha."

Hilo ndilo jibu la kweli, na sikumlaumu. Nilipokuwa na umri wake tulikuwa na mwalimu aliyekuwa anamtoa uwanjani yeyote aliyekosa goli la wazi, papo hapo, mbele ya watu. Tulijifunza haraka. Tukifika kumi na nane, mpira ulikuwa kama kaa la moto, kila mmoja anampa mwenzake. Watu walitusifu kwamba tunacheza kitimu. Tulikuwa tunakimbia lawama.

Kwenye chandimu kuna kelele moja ambayo kila aliyecheza ameisikia: "Toa mpira, mchoyo wewe!" Ndiyo maana neno *ego*, analolihubiri Ego kwa vijana wake, linatusumbua kulitafsiri. Ukisema ubinafsi, mtu anamfikiria asiyemjali mwenzake. Ukisema majivuno, anamfikiria anayeringa. Kujiamini nalo ni jepesi mno, kila mtu anajiamini mpaka mpira umfikie. Ninalolitumia mimi ni kubeba. Mchezaji anayebeba anasema: hili ni langu, likiingia ni langu, likitoka nje ni langu vilevile. Kila ninapolisikia neno la Ego ndani ya katuni ile nalisikia hivyo, na matukio karibu yote yanakaa sawa.

Chukua jaribio la kwanza kabisa. Vijana 12 chumbani, mpira mmoja, sekunde 136. Ni mchezo wa kukimbizana: aliyegongwa na mpira ndiye mwenye kibarua, na kengele ikimkuta nacho anafunga virago. Isagi, aliyepangwa nafasi ya 299 kati ya 300, anakibeba muda ukiyoyoma. Mbele yake kaanguka Igaguri, nafasi ya 300, ameumia, ni wa kumgusa tu. Mbinafsi wa kawaida angemgonga akaokoka. Isagi anasimama juu yake, anasita, halafu anageuka. Kwa msaada wa Bachira, mwenzake wa chumba kile, anamtandika Kira, yule yule wa fainali, kijana ambaye magazeti yalikuwa yanamwita hazina ya soka la Japani. Kira anatoka. Isagi ameingia kwenye hatari kubwa zaidi kwa hiari yake wakati njia rahisi ilikuwa chini ya miguu yake. Nawasimamishia vijana pale kwenye Igaguri na kuwauliza wao wangefanya nini. Wengi, kwa ukweli wao, wanasema wangemgonga Igaguri.

Linalofuata ni ligi ndogo ya timu tano, na hapa waandishi wametunga kanuni ninayoiona ni ya akili kuliko zote za hadithi hii. Timu mbili za juu zinapita zima zima. Katika kila timu inayotolewa, mfungaji wake bora anapita peke yake. Itafakari kanuni hiyo kama mchezaji. Timu ikishinda, umepona. Timu ikifa na wewe una magoli mengi kuliko wenzako, umepona pia. Kwa hiyo kila mpira unaogusa una maswali mawili yanayovutana, na hakuna kocha wa kukujibia. Tena Ego aliwadanganya wote: kila kundi liliambiwa kwamba upande wao wa jengo ndio wa wanyonge wa mwisho.

Kanuni hiyo ndiyo inayomzaa Kuon, na anayedhani katuni hii inasifu uchoyo inambidi amtazame Kuon vizuri. Anawauza wenzake wa Timu Z, timu ya Isagi, kwa Timu W, anatoa siri zao ili yeye apewe nafasi ya kufunga. Anafunga matatu. Kihesabu amefanya kila ambacho kanuni inaruhusu. Ila magoli yale ni ya kupewa, hakuna hata moja alilolibeba, na hadithi inamwonyesha kama mtu aliyekata tamaa na kipaji chake. Mechi hiyo inaisha 4-4, na la nne la Timu Z ni la Chigiri. Chigiri aliwahi kuchanika mshipa wa goti. Ana kasi ya upepo lakini hakimbii, kwa sababu akikimbia goti linaweza kukatika tena na ndoto ikaisha. Amejiwekea kwamba alikuja Blue Lock kutafuta sababu ya kuacha mpira. Halafu, katika dakika za mwisho, anakimbia. Ndani ya mechi moja tunaonyeshwa mtu anayejipenda kwa woga na mtu anayeitoa hofu yake mbele ya kila mtu, na wa pili ndiye anayeitwa mwenye ego.

Nani mwingine? Barou, anayejiita mfalme na hatoi pasi kwa mtu. Wengi wanampenda kwa mbwembwe zake, mimi nampenda kwa alichofanya baada ya kushindwa. Isagi na mshambuliaji mwingine, Nagi, wanamfunga wawili kwa wawili, wanamchukua awe wa timu yao, na Isagi anamgeuza kuwa chambo cha kuwavuta mabeki. Barou anaonja udogo. Kisha anagundua kwamba, kama jua ni Isagi, yeye anaweza kuwa kivuli kinachomla, na anamnyang'anya mpira mwenzake wa timu moja na kwenda kufunga. Uwanjani kwangu ningepiga filimbi. Ila ule uwezo wa kuanguka, kuukubali ukweli bila kumtafuta wa kumlaumu na kujijenga upya jioni hiyo hiyo, nautamani kwa kila kijana wangu. Habari ya Nagi kumwacha rafiki yake Reo sitaigusa sana. Inauma, na wenye rafiki wa mpira wa tangu utotoni wanajua kwa nini.

Sasa niseme inapokosea. Ile adhabu ya kufungiwa taifa milele kwa kushindwa ukiwa na miaka 16 au 17 ni uongo kuhusu jinsi wachezaji wanavyokua, na ni uongo wenye madhara, kwa kuwa kuna makocha wanaouamini. Miili haikomai pamoja. Akili za mchezo ndiyo kabisa. Yule Honda aliyepiga kona ya Rostov, klabu ya Gamba Osaka hawakumpandisha kutoka timu yao ya watoto kwenda ya vijana. Akaenda kuchezea shule ya sekondari ya Seiryo huko Ishikawa. Mtu huyo huyo akaja kufunga katika Kombe la Dunia la 2010, la 2014 na la 2018. Kwenye jengo la Ego angekuwa ameondoka na begi lake mapema kabisa.

Kuna jingine zito zaidi kwangu. Ego anataka wachezaji wasioogopa, na chombo chake ni hofu. Katika hadithi inafanya kazi kwa sababu mwandishi anamchagua atakayesimama. Uwanjani, ukimtishia mtoto kwamba kosa moja litamfukuza, kati ya kumi, tisa watakupa ile pasi ya Isagi. Kwangu anayepiga akakosa anaendelea kucheza. Anayetoa pasi bila kuona ndiye ninayemwita pembeni, na tunazungumza tu.

Anime ilikuwa hewani, msimu wa kwanza, Japani ilipokwenda Kombe la Dunia la Qatar. Tarehe 23 Novemba 2022, dakika ya 83 dhidi ya Ujerumani, Takuma Asano alipokea mpira mrefu wa Itakura kwa mguso mmoja uliotulia kama umewekwa mezani. Schlotterbeck alikuwa mgongoni mwake. Pembe ilikuwa imebana, kipa Neuer ameziba upande wake. Asano akapiga juu, pale pale karibu na nguzo, mahali ambapo mtu asiyetaka lawama hawezi kupiga. 2-1.

Siku 12 baadaye wakafika kwenye penati na Croatia. Kocha Hajime Moriyasu aliwaachia wachezaji wenyewe wanyooshe mikono, nani ataanza. Takumi Minamino alieleza baadaye kwamba kwa sekunde kama tano hakuna aliyenyoosha, ndipo akasema atakwenda yeye. Huwa nafikiria sana zile sekunde tano. Wanaume wazima, wanacheza ligi kubwa za Ulaya, wameshawafunga Wajerumani na Wahispania, na wako kimya kama mtoto wangu wa miaka 15 anayetazama viatu vyake.

Minamino akapiga, kipa wa Croatia Livakovic akaiokoa. Mitoma akakosa, Asano akafunga, Yoshida akakosa, Japani wakatoka. Nimewaonyesha vijana wangu penati ile zaidi ya mara moja, na nimewaambia kwamba kesho yake ningempa Minamino mpira wa kwanza tena.